Chujio Kavu la Hewa kwa Motokaa ya Njia ya Vumbi

Wanafunzi wengi, na wazazi kadha waliokuja siku ya mkutano, wameniuliza kwa nini muhula huu nimeonekana kila Jumamosi nimeinama juu ya injini ya motokaa yangu, rula mkononi, na vijana wanne wa Kidato cha Tatu wamenizunguka. Wengine walidhani motokaa imekufa. Wengine walidhani nimechoka na Fizikia nataka kuwa fundi. Mhariri ameniomba nieleze jambo hili katika gazeti letu, nami nakubali kwa furaha, kwa kuwa si jambo langu peke yangu. Motokaa ile, kama mjuavyo, ndiyo ichukuayo mgonjwa usiku wakati hapana chombo kingine hapa shuleni.

Nianze na usiku wenyewe. Ilikuwa mwezi wa Agosti, yapata saa saba, mlezi wa bweni aliponigongea dirisha. "Mwalimu, amka. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza anaumwa tumbo, na hali yake si nzuri." Tukampakia kiti cha nyuma, mlezi akamshika kichwa, tukaondoka. Kutoka shuleni hadi mjini ni kilomita 34, na katika hizo 26 ni za udongo mwekundu usiojua lami. Tulipoanza kupanda kilima cha pili injini ikaanza kusita, kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya manjano ikawaka. Nikikanyaga haikubali, nikiachia yataka kuzimika. Safari ya dakika 50 tuliifanya kwa saa mbili na robo. Kila mara sauti ndogo ilitoka nyuma ikiuliza, "Mwalimu, bado?" nami sikuwa na jibu la kumpa. Alfajiri alipasuliwa, akatolewa kidole tumbo, na leo yu darasani mzima. Lakini daktari aliniambia wazi kwamba lau tungalichelewa saa nyingine mbili tatu, habari ingalikuwa nyingine.

Asubuhi hiyo hiyo nikaipeleka motokaa kwa fundi mmoja wa mjini, mzee aliyejifunza kazi ujanani mwake kwenye Land Rover za zamani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua boneti bila maneno mengi. Nilitazamia aanze na plagi au nyaya za umeme. La, alilegeza bomba la kupitishia hewa, akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha ndani ya bomba, upande ule ambao hewa imekwisha chujwa. Kitambaa kikatoka chekundu.

"Mwalimu," akasema, "injini yako inakula udongo."

Yafaa nieleze hapa jinsi motokaa hii ilivyo. Ni gari dogo la Kijapani lenye injini ya cc 2,000, nami niliinunua ikiwa imekwisha tumika. Mwenyewe wa kwanza alikuwa kijana apendaye mwendo. Aliondoa sanduku la chujio lililotoka kiwandani, akaweka bomba la aluminiamu lenye chujio la umbo la pia mwishoni, limekaa wazi ndani ya boneti. Vijana hulipenda chujio la namna hiyo kwa sababu injini hunguruma ikikanyagwa, na ati nguvu huongezeka. Chujio lenyewe lilikuwa la shashi ya pamba iliyolowekwa oili. Mimi nililikuta, nikaliacha, nikajua kazi moja tu: kila baada ya miezi michache kulifua na kulitia oili tena, kwa mkono wa ukarimu, kama mama ampakaye mtoto mafuta. Kumbe hapo ndipo nilipokosa.

Watu wengi hudhani motokaa hula petroli tu. Kwa hakika hula hewa zaidi. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, hutakiwa karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, basi yahitaji karibu kilo 11 za hewa. Huku kwetu Dodoma, juu ya uwanda wa mita zaidi ya 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na kilo 11 hizo ni zaidi ya lita 10,000. Motokaa yangu hutumia lita moja kwa kilomita 10. Kwenda mjini na kurudi, kilomita 68, huvuta kiasi cha lita 70,000 za hewa, yaani mapipa 350 ya lita 200. Fikiri sasa mapipa 350 ya hewa ya kiangazi, nyuma ya lori, katika barabara yetu.

Na vumbi lile si unga. Ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatzi, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho Kidato cha Tatu wanakijua kutoka Jiografia, kwatzi ni 7, na kisu cha chuma ni kama 5.5 tu. Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini. Chembe kubwa si hatari sana, maana hata chujio baya huzikamata. Zinazoua injini ni ndogo za maikroni 5 mpaka 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70). Hizo zaweza kuingia katika nafasi ile nyembamba baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, mahali palipo na utando wa oili. Hapo husaga mchana na usiku. Ringi zikilika, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na dawa yake ni kuifungua injini yote. Mshahara wa mwalimu haupendi habari hizo.

Ubaya huu haukuanza leo. Trekta za kwanza ziliharibika upesi mashambani kwa vumbi, na mwaka 1915 Frank Donaldson wa Minnesota, Marekani, alitengeneza chujio la hewa kwa ajili ya trekta. Baadaye yakaja machujio ya bakuli la oili, ambayo mzee fundi aliyafua maelfu katika Land Rover zake: hewa hupita juu ya oili, vumbi likazama. Kisha karatasi yenye mikunjo ikachukua nafasi yake katika motokaa nyingi.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa wangu, kwa maana ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa wa oili. Mbele ya chujio, ndani ya bomba, kuna kipima hewa. Ni waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ipitayo huupoza, na kompyuta ya injini hupima ni umeme kiasi gani unaotakiwa kuuweka waya katika moto wake. Kwa njia hiyo hujua uzito wa hewa iliyoingia, ikapima petroli kulingana nayo. Oili yangu ya ukarimu ilikuwa imevutwa kutoka kwenye pamba, ikatua juu ya waya, na vumbi jembamba likanata juu yake. Waya uliojifunika blanketi haupozwi sawasawa. Basi kompyuta ilisoma uongo, na petroli ikatolewa kwa kipimo cha uongo. Ndiyo kwikwi ile ya kilimani. Mzee aliusafisha kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, bila kuugusa waya kwa kidole wala kitambaa, na taa ikazimika.

Sipendi kulisingizia chujio la pamba. Likitiwa oili kwa kiasi chake, na kuachwa likae mpaka oili ienee, watu wengi hulitumia miaka mingi bila taabu. Lakini kazi yake nzuri yategemea mkono wa anayelifua. Oili ikipungua, vumbi hupita. Ikizidi, waya huchafuka. Katika nchi ya vumbi tunalazimika kulifua mara nyingi, na kila mara ni nafasi mpya ya kukosea.

Ugonjwa wa pili ndio ulionitia hofu zaidi. Shingo ya mpira ya chujio lile ilikuwa imekauka na kupasuka upande wa chini, mahali nisipopaona. Hewa ni kama mwanafunzi mvivu: ikiona mlango na ua uliovunjika, itapita penye ua. Kiasi kikubwa cha vumbi lililokuwa ndani ya bomba halikupita katika pamba hata kidogo, lilipita katika ufa ule.

Shauri la kwanza la mzee lilikuwa fupi: rudisha sanduku la kiwandani. Nami nawaambia wazazi wenye motokaa ambazo hazijaguzwa, msizibadilishe. Vijana walihesabu jambo hili kwa mikono yao. Tuliazima chujio la sanduku la motokaa ya aina moja na yangu. Lilikuwa na mikunjo 70, kila mkunjo una kina cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 17. Kila mkunjo una pande mbili, basi eneo lake lote ni sentimita za mraba 7,140. Pia langu la zamani lilikuwa na mikunjo 48, kina sentimita 1.5, urefu 15: jumla 2,160, chini ya theluthi moja. Kijana mmoja alicheka akasema, "Mwalimu, kumbe ile ya kelele ndiyo ndogo!" Ndivyo hasa. Lakini kwangu mimi, bomba la zamani lilikuwa limekatwa na kipima hewa kimehamishwa, wala sanduku zima sikulipata nilipolitafuta. Ikabidi nibaki na bomba la aluminiamu, nitafute chujio kavu la kulifaa.

Chujio kavu ni lile lisilohitaji oili. Karatasi ni kavu, lakini machujio ya umbo la pia yaliyo kavu hufanywa zaidi kwa nyuzi za kiwandani za jamii ya poliesta, zilizoshindiliwa pamoja ovyo ovyo bila kufumwa, mfano wa sufi ya godoro iliyobanwa sana. Vumbi hukwama katika msitu huo wa nyuzi. Oili haimo, basi hakuna cha kuvutwa kwenda kwenye waya wa kipima hewa. Kuna yanayoweza kufuliwa na yasiyoweza, na boksi lake husema. Wengi hawasomi boksi.

Nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, wakati wa likizo fupi. Kijana wa duka alinipokea vizuri, akaniwekea machujio sita juu ya meza, mekundu, ya buluu, na moja la rangi ya dhahabu. "Hili, Mwalimu, linavuta hewa balaa. Gari itapaa." Nikamwuliza shingo yake ina kipenyo gani. Akasema zote ni sawa, klipu itabana. Hapo ningaliondoka, lakini basi la kurudi lilikuwa la jioni, nikanunua jekundu.

Tulipolipima maabara kwa kalipa ya venia, shingo yake kwa ndani ilikuwa milimita 76. Bomba langu kwa nje ni milimita 70. Milimita sita zaonekana chache. Tulipokaza klipu, mpira ulijikunja mahali pamoja, na katika kunjo lile ungeweza kupitisha kalamu ya risasi. Nilikuwa nimenunua ufa mpya kwa fedha taslimu.

Basi angalieni sana kipimo hiki, maana kwa maoni yangu kinashinda vingine vyote. Bomba lipimwe kwa nje, na shingo ya chujio ipimwe kwa ndani, na viwe sawa. Kijana wetu mmoja alipima bomba kwa ndani, akapata 66, kwa sababu ukuta wa bomba una milimita 2 kila upande. Kama tungalinunua kwa hesabu yake, shingo isingaliingia. Tena machujio mengi haya huandikwa kwa inchi: inchi 2.75 ni milimita 70 kasoro nukta, inchi 3 ni 76, inchi 3.5 ni 89. Asiyebadilisha kwa uangalifu atachanganya ya kwanza na ya pili, kama nilivyofanya mimi kwa kumwamini muuzaji. Shingo iwe ya mpira mnene na laini, ndefu ya kutosha ili iingie juu ya bomba sentimita mbili au tatu, na klipu ikae juu ya sehemu iliyo na bomba chini yake, siyo mbele ya mdomo wa bomba.

Baada ya shingo ndipo tukapima nafasi. Tulitengeneza pia ya karatasi ngumu, tukaiweka mahali pa chujio, tukafunga boneti polepole, tukatazama wapi imebonyea. Kwa njia hiyo tulijua kwamba kitako chaweza kuwa na kipenyo cha sentimita 15 na urefu sentimita 20, na bado pabaki nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye betri na kwenye boneti. Injini hutikisika, chujio lililogusana na chuma litatoboka likisuguliwa kila siku.

Kwa nini tulitaka kubwa kiasi hicho? Injini ya lita 2 huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo ndiyo mwisho wangu katika barabara ya udongo, haiwezi kuvuta zaidi ya lita 3,000 kwa dakika, au lita 50 kwa sekunde. Katika eneo la sentimita za mraba 2,160 hewa hupita kitambaani kwa mwendo wa sentimita 23 kwa sekunde. Chujio tulilolipata mwisho lina mikunjo 60 ya kina cha sentimita 2 na urefu wa 20, jumla 4,800, na mwendo ukashuka hadi kama sentimita 10. Chujio lenye eneo kubwa lina mahali pengi pa kuweka vumbi kabla ya kuziba, na hewa hupita bila kuvutwa kwa nguvu. Kuhusu kupaa, motokaa yangu haikupaa wala sikuitaka ipae.

Sasa juu ya asilimia. Watengenezaji waangalifu hupima machujio yao kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 5011, kwa vumbi maalumu lililopimwa ukubwa wa chembe zake, kisha huandika ni asilimia ngapi ya vumbi iliyokamatwa. Mtu huona chujio moja limeandikwa 99 na jingine 98, akasema, tofauti ni moja tu, nichukue la bei nafuu. Tazameni upande wa pili wa hesabu. Gramu 100 za vumbi zikifika, la kwanza hupitisha gramu 1, la pili gramu 2. Injini ya pili hula udongo mara mbili. Kwa 96 hula mara nne. Boksi lililojaa maneno ya nguvu za farasi na halina hata neno moja la vumbi, mimi nalirudisha rafuni.

Chujio letu la pili lilikuja kwa basi kutoka kwa muuzaji mwingine, baada ya kumpelekea vipimo vyote kwa maandishi. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya chujio la karatasi la sanduku. Kabla ya kulifunga tulilipeleka chumba cha giza, tukaingiza kurunzi ndani yake, tukazungusha polepole tukitafuta nukta ya mwanga mkali. Nukta kama hiyo ni tundu. Kadhalika tulitazama mahali kitambaa kinapokutana na mpira wa kitako, maana gundi mbaya huachia hapo. Halikuwa na kasoro.

Lilibaki jambo la joto. Chujio lililo wazi ndani ya boneti huvuta hewa iliyokwisha pashwa na injini na rejeta. Tulifunga kipimajoto karibu na pia, nikaendesha kilomita kumi: nyuzi 58 za Sentigredi. Vijana wakakata bati la aluminiamu, wakalikunja kuwa ukuta baina ya chujio na injini, wakapigilia mpira ukingoni usigongegonge. Safari ya pili kipimajoto kilisoma 41. Hewa baridi ni nzito zaidi, na kwa tofauti hiyo injini hupata kama asilimia 5 ya hewa zaidi kwa kila mvuto. Kipande cha bati kilitupa kile ambacho muuzaji wa Kariakoo alikiahidi kwa rangi nyekundu. Wengine hulishusha chujio chini karibu na bampa wapate hewa baridi. Wakati wa masika nisingethubutu: chujio likizama dimbwini injini itavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa, na fimbo za pistoni hupinda.

Kulitunza ni kazi ndogo, ila ina miiko. Chujio kavu halitiwi oili kamwe, hata tone. Halipigwi kwenye gurudumu wala ukutani kama zulia. Upepo wa pampu ya gereji wenye nguvu, ukisogezwa karibu, hutoboa nyuzi bila jicho kuona. Letu ni la kufulika: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kusuuza kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia, kisha kukauka kivulini mchana kutwa na usiku kucha. La karatasi lisifuliwe, libadilishwe.

Tena msilifue mara kwa mara mno. Jambo hili liliwashangaza vijana, na mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Chujio lililoanza kushika vumbi huchuja vizuri zaidi kuliko jipya, kwa sababu vumbi la kwanza huziba nafasi kubwa baina ya nyuzi na kuwa chujio juu ya chujio. Likifuliwa kila Jumapili hubaki siku zote katika hali yake dhaifu. Kuna wanaosema chujio chafu humaliza petroli. Kwa motokaa za kabureta ilikuwa hivyo kwa kiasi. Lakini mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu motokaa za kisasa zenye machujio yaliyozibwa, ikaona petroli haikuzidi kwa kiasi cha kutajika. Kilichopungua ni wepesi wa kuongeza mwendo. Kwa hiyo simngojei mwenye kituo cha mafuta aniambie. Natazama mkono wangu mwenyewe kilimani, na natazama kitambaa.

Kitambaa ndicho hakimu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi twafungua bomba na kupitisha kitambaa cheupe upande wa hewa safi. Mwezi wa Septemba, siku kumi baada ya kulifunga chujio jipya, kilitoka na alama nyembamba ya udongo, nikakata tamaa. Tulitafuta asubuhi nzima. Chujio halikuwa na kosa. Udongo ulipitia kwenye mpira mdogo wa bomba jembamba liendalo kwenye injini, ambao wakati wa kufungua tulisahau kuukaza. Tuliukaza. Oktoba kitambaa kilitoka cheupe, na Novemba pia, ingawa barabara siku zile ilikuwa kavu kupita miezi yote ya mwaka. Mtoto yule wa Kidato cha Kwanza sasa huja naye kutazama. Husimama kando, hasemi sana, lakini ndiye aliyeomba kukishika kitambaa mara ya mwisho.

Kuhusu ringi za injini, mzee fundi alipima mbano wa silinda zote nne akasema zimelika kidogo, lakini bado zina kazi. Nilikuwa nimebahatika. Sasa oili naipima kila wiki na kuandika katika daftari, na tangu Septemba haijapungua kuliko kawaida.

Chujio la akiba tumelinunua kwa mchango wa walimu. Limo ndani ya boksi lake katika kabati la maabara, pamoja na klipu mbili, bisibisi, na kitambaa cheupe. Ufunguo wa kabati upo kwa mwalimu wa zamu, na wa motokaa umetundikwa karibu nao.